Kuyawahi magugu kabla hayajatoa kichwa

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu bustani ni hili: kuna unga gani wa asili wa kunyunyiza kwenye matuta ili magugu yasiote, na mboga zisidhurike? Unga upo, nautumia, na nitaueleza humu bila kubakiza. Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hulipitia mbiombio. Unga unaozuia mbegu isitoe mzizi hauijui mbegu ya karoti wala ya kishonanguo. Zote kwake ni mbegu. Ndiyo maana nasema kuzuia magugu kabla hayajaota, bila dawa za kiwandani, ni kazi ya kupanga nani aote lini. Ukiweza kupanga hilo, unga unabaki msaidizi wa sehemu chache za bustani. Usipoweza, hata ukimwaga gunia zima, utapalilia vilevile.

Siku za uzi mweupe

Gugu huwa dhaifu kuliko wakati wowote wa maisha yake katika zile siku chache kati ya mbegu kupasuka na jani la kwanza kuona jua. Linaishi kwa akiba iliyomo ndani ya mbegu tu. Halina jani la kujitengenezea chakula, mzizi wake ni uzi mmoja, na likikatika halina jicho jingine la kuchipulia.

Ukitaka kuliona, piga magoti pembeni mwa tuta lililomwagiliwa vizuri, siku ya nne au ya tano, wakati juu bado hapaonekani kitu. Kwaruza udongo wa juu kwa ukucha, usizidi kina cha ukucha wenyewe. Utakuta nyuzi nyeupe, fupi, zimepinda shingo, nyingine bado zimebeba ganda la mbegu kichwani. Ziache hapo zipigwe na jua. Ukirudi jioni utazitafuta na hutaziona. Mimi hufanya hivi kabla ya kuamua lolote juu ya tuta, kwa sababu nyuzi hizo hunieleza ukweli ambao kalenda haiujui: leo udongo una joto la kutosha, mbegu zimeamka, na kazi ni leo au kesho. Wiki moja baadaye nyuzi zilezile zina majani manne na mizizi iliyoshika, na kwa jembe dogo ni nusu siku ya kuinama.

Mbegu hizo zinatoka wapi kila mara, hata kwenye tuta ulilolipalilia kwa bidii msimu mzima? Zimo ardhini, nyingi ajabu, zinasubiri. Mchicha pori mmoja ulioachwa ukomae unaweza kutoa mbegu zaidi ya 100,000, na mbegu za magugu hazina haraka. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William James Beal, huko Michigan, Marekani, alichanganya mbegu na mchanga kwenye chupa 20 akazifukia, ziwe zinafukuliwa moja moja kwa miaka mingi baada yake. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 ilikuwa imekaa ardhini miaka 142, na bado baadhi ya mbegu zake ziliota. Nikilifikiria hilo, sioni sababu ya kutafuta dawa ya kuzimaliza mbegu zote zilizo chini. Ninachotaka ni kuzimaliza zile zilizo kwenye sentimita chache za juu, kisha nisizipandishe nyingine.

Hilo la kutozipandisha ndilo gumu kwa watu wengi, maana mikono yetu imezoea kulima. Mbegu nyingi ndogo za magugu zina fitokromu, kemikali inayohisi mwanga. Zikiwa chini gizani hukaa zimelala. Jembe likizigeuza, zikamulikwa hata kwa muda mfupi sana, nyingi kati ya hizo zilizolala zinapata amri ya kuamka, hata kama zitafukiwa tena papo hapo. Juu ya hapo, mbegu ndogo iliyofukiwa kina cha sentimita 5 au zaidi haina akiba ya kuifikisha juu. Kwa hiyo kila ukichimba kwa kina, unazitoa kwenye usingizi na kuzileta mahali zinapoweza kufanikiwa.

Gluteni ya mahindi: inafanya nini hasa

Unga ule unaoulizwa ni gluteni ya mahindi. Mahindi yanapolowekwa na kusagwa kiwandani ili kupata wanga, protini hutengwa, hukaushwa, na kuwa unga wa njano iliyokolea. Matumizi yake ya zamani ni chakula cha kuku na mifugo. Kazi yake dhidi ya magugu iligunduliwa miaka ya 1980 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, na Nick Christians, mtaalamu wa nyasi. Alikuwa anachunguza kuvu wanaoshambulia nyasi za viwanja vya gofu, na unga wa mahindi ulikuwa sehemu ya jaribio lake. Kilichomshangaza ni kwamba mbegu za nyasi zilizopandwa palipotiwa unga ule hazikuota vizuri. Akalifuatilia jambo hilo hadi akafika kwenye gluteni, na hataza yake ikatolewa mwaka 1991.

Gluteni haiui mbegu. Mbegu hupasuka na kuchipua kama kawaida, ila vipande vidogo vya protini vinavyoyeyuka kutoka kwenye unga huzuia mzizi usikue. Chipukizi linatoka juu likiwa halina cha kunywea maji. Halafu udongo ukikauka kidogo, linakufa kwa kiu. Kumbuka kwamba kinachoua ni ule ukavu.

Nililiona hili kwa karibu kwenye trei mbili za mbegu za figili, moja nimeitia gluteni na nyingine sikuitia. Zote zilichipua, na ukizitazama kwa juu ungeapa ni ndugu mapacha. Nilipozing'oa kwa kibano ndipo mambo yakaonekana. Za trei ya kawaida zilikuja na mzizi mrefu wenye vinyweleo vilivyong'ang'ania udongo. Za trei ya gluteni zilikuja na kisiki kifupi cha rangi ya kahawia, kimevimba nchani, hata chembe ya udongo haikushika. Nikaacha kumwagilia. Zile za gluteni zilianguka kwanza, karibu zote, na hazikuinuka. Lakini kona moja ya trei hiyo niliendelea kuilowesha makusudi, na pale figili kadhaa zilitoa mizizi mipya pembeni zikaendelea na maisha.

Kona ile yenye maji inaeleza kwa nini mtu mmoja anausifu unga huu na jirani yake anaulaani. Unahitaji maji ya kuuyeyusha ndani ya siku chache baada ya kuunyunyiza, kisha siku kadhaa za ukavu wakati mbegu zinachipua. Mvua ikishika mfululizo, magugu hupata nafasi ya kuotesha mizizi upya. Ukiunyunyiza magugu yakiwa tayari yana mizizi, umechelewa kabisa, na hapo ni kumpiga chura teke, unamwongezea mwendo. Sababu ni naitrojeni. Gluteni ina protini takriban asilimia 60, na karibu asilimia 10 ya uzito wake ni naitrojeni, inayoachiliwa polepole kadiri unga unavyooza. Ni mbolea nzuri kweli, na gugu lililokwisha shika ardhi litaila kwa furaha sawa na kabichi yako.

Kipimo kinachopendekezwa ni karibu kilo 1 kwa kila mita 10 za mraba. Matuta yangu yana mita 3 za mraba kila moja, kwa hiyo napima gramu 300 kwa mizani ya jikoni, sikisii. Fanya hesabu ya mbolea pia kabla hujafungua mfuko: kilo 1 ya gluteni inaleta kama gramu 100 za naitrojeni kwenye mita 10, sawa na kilo 100 kwa hekta. Hicho ni kiwango kikubwa. Ukirudia baada ya wiki tano au sita, maana nguvu ya unga hukaa kama muda huo, umefika kilo 200. Kabichi itashukuru. Maharage hayahitaji hata kidogo, karoti zitaota majani mengi na mizizi yenye nywele, nyanya zitaneemeka majani zichelewe kuzaa. Ukitumia gluteni, ondoa mbolea nyingine ya naitrojeni kwenye hesabu ya tuta hilo.

Nisifiche na upande wa pili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon walipoujaribu unga huu kwenye nyasi, hawakuona ukizuia magugu. Sishangai. Katika mazingira yenye unyevu usiokatika, ule ukavu unaoua haupo, na jaribio la ndani ya kitalu nyumba (greenhouse) ambako mtu anashika mwenyewe bomba la maji ni tofauti na uwanja ulioachiwa mawingu. Mimi nimeona ukipunguza magugu kwenye matuta yangu katika miezi ya kiangazi, ukipunguza kwa kiasi cha kuonekana, haujawahi kuyamaliza. Mwenye kukuahidi kwamba utayamaliza anakuuzia ndoto.

Ukienda kununua, soma mfuko vizuri. Kuna chakula cha mifugo chenye jina linalokaribiana, kitokanacho na kiwanda hichohicho, ambacho kina protini karibu asilimia 20 tu kwa sababu kimechanganywa na maganda ya mahindi. Hicho hakifanyi kazi hii. Unga wa mahindi wa kupikia nao haufanyi. Na anayelima kwa cheti cha kilimo hai aulize kwanza chombo kinachompa cheti, kwa kuwa gluteni nyingi hutokana na mahindi yaliyobadilishwa vinasaba. Unga wenyewe unapeperuka vibaya, jifunge kitambaa puani. Na kama una kuku, wafungie, kwani kwao hicho ni chakula na watachakura tuta zima wakikitafuta.

Mahali pake kwangu ni pa aina moja: kuzunguka miche iliyohamishwa kutoka kitaluni ikiwa na mizizi iliyokamilika. Nyanya, pilipili, kabichi, brokoli. Napandikiza, naacha miche ishike, naipitia ardhi kwa jembe la palizi kung'oa chochote kilichokwisha chipua, nanyunyiza unga kwa mkono sawasawa hadi udongo uonekane umepakwa njano, nauchanganya na udongo wa juu kwa reki bila kuzamisha meno, namwagilia mara moja. Kisha nazuia maji ya juu juu. Kila mche naupa maji yake shinani kwa kikopo, katikati ya mistari panabaki pakavu. Hapo masharti yote mawili yametimia, mche unakunywa na chipukizi la gugu linakosa.

Kwenye tuta la mbegu ndogo zilizopandwa moja kwa moja, karoti, saladi, mchicha, figili, usiutie kabisa. Na kama uliwahi kuutia hapo, ngoja wiki sita kabla ya kumwaga mbegu.

Kuyaotesha kwanza

Sasa tufike kwenye njia ninayoipenda, isiyogharimu kitu isipokuwa subira. Tuta la mbegu ndogo nalitayarisha wiki tatu kabla ya kupanda. Nasema kulitayarisha kikamilifu: kuchimba kama panahitaji kuchimbwa, kutia mboji, kuvunja mabonge, kusawazisha kwa reki mpaka mbegu ingeweza kuingia jioni ileile. Halafu sipandi. Namwagilia kana kwamba nimepanda.

Magugu hayajui tofauti. Udongo umelegezwa, mwanga umepita, maji yapo, yanaota kwa pamoja. Nasubiri hadi zile nyuzi nyeupe zianze kutoa majani mawili ya mwanzo, nachagua siku ya jua kali, asubuhi umande ukiisha, napitisha jembe la palizi lililonolewa sentimita 1 chini ya uso wa udongo, 2 ikizidi. Silipigi jembe chini, nalivuta kwa ulalo kama mtu anayekwangua. Jua linamaliza kazi. Namwagilia tena, linakuja kundi la pili, dogo kuliko la kwanza, nalo nalikata vivyo hivyo. Ndipo napanda, kwa kufungua kijifereji chembamba cha mbegu tu, bila kugusa udongo mwingine wowote.

Watu wanaifuata njia hii vizuri hadi siku ya kupanda, kisha wanaona tuta limetulia na uso umekuwa mgumu kidogo, wanaona haya kupanda kwenye udongo ambao haujalimwa upya, wanachukua uma na kuligeuza. Kazi yote ya wiki tatu imepotea hapo. Mbegu mpya zimeletwa juu, zimepewa mwanga, zimepewa maji. Nikiwa na mtu wa kunisaidia siku ya kupanda, jambo la kwanza ninalofanya ni kuondoa majembe makubwa na uma karibu na tuta hilo.

Kama mbolea inahitajika, imekwisha kuingia mwanzoni. Kama uso umeganda, kumwagilia jioni ya kuamkia siku ya kupanda kunatosha kuulainisha.

Karoti, kioo na moto

Karoti inastahili maelezo yake, kwani hakuna mboga inayonyanyaswa na magugu utotoni kama hiyo. Huchukua siku 10 hadi 20 kutoka ardhini kulingana na joto, na ikitoka ni nyuzi mbili za kijani ambazo gugu lolote linazifunika. Lakini uvivu huo wa kuota unaweza kugeuzwa kuwa faida. Magugu mengi yanatoka kabla yake. Ipo siku, moja au mbili tu, ambapo magugu yamejaa juu na karoti zote ziko chini bado. Ukipita na moto siku hiyo, unaunguza magugu peke yake.

Utaijuaje siku yenyewe? Nikishapanda karoti, naweka kipande cha kioo cha dirisha juu ya sehemu ndogo ya mstari, upana wa kiganja unatosha. Chini ya kioo udongo una joto zaidi, na karoti za hapo hutangulia wenzao kwa siku chache. Nakwenda kukitazama kila asubuhi. Nikiona shingo ya kwanza ya karoti imepinda chini ya kioo, namwambia kila aliye nyumbani kwamba leo ndiyo leo, natafuta kichomeo cha gesi.

Moto wenyewe ni wa kupitisha, siyo wa kuchoma. Natembea mwendo wa kawaida, ndimi za moto zikigusa magugu kwa kitambo kidogo tu. Yanabaki kijani, na anayetazama atadhani sijafanya kitu. Nainama, nachukua jani moja, nalibana kati ya kidole gumba na cha shahada. Likibaki na alama ya kidole iliyoiva, kijani cha giza kama jani lililomwagiwa maji ya moto, chembe zake zimepasuka na saa chache zijazo litalala. Alama isipobaki, napita tena taratibu zaidi. Hakuna haja ya kuunguza mpaka moshi, ni kupoteza gesi.

Nyasi hazifi kwa njia hii. Kitovu chao cha kukua kiko chini ya udongo, zinaungua majani na kuchipua upya, kwa hiyo tuta lenye nyasi nyingi linahitaji jembe. Wala usiwashe moto karibu na matandazo makavu, ua wa mbao, au siku yenye upepo. Mimi huwa na ndoo ya maji iliyojaa karibu, na bomba limefunguliwa.

Plastiki, samadi, na yale yasiyofaa

Ukiwa na tuta usilolihitaji kwa mwezi mzima wa joto kali, plastiki angavu inafanya kazi nzuri sana. Njia hii ilichapishwa mwaka 1976 na Jaacov Katan na wenzake huko Israeli, wakipambana na magonjwa ya udongo, na mbegu za magugu nazo huumia. Lowesha tuta vizuri, tandaza plastiki iguse udongo, fukia kingo zote, acha wiki 4 hadi 6. Sentimita za juu hufika nyuzi joto 45 hadi 55 za Selsiasi. Wengi huchukua plastiki nyeusi wakidhani itapasha zaidi, lakini nyeusi inajipasha yenyewe, angavu ndiyo inayopitisha jua mpaka kwenye udongo. Kwenye hali ya ubaridi mambo yanageuka: angavu inakuwa kitalu cha magugu, na turubai jeusi ndilo linalofaa, kwani magugu yanaota chini yake na kufa kwa kukosa mwanga. Baada ya yote mawili sharti ni lilelile, usichimbe.

Matandazo ni kinga ya kudumu zaidi ya zote kwenye miche mikubwa. Sentimita 5 hadi 8 za majani makavu au nyasi zisizo na mbegu zinazuia mwanga na mbegu ndogo zinabaki zimelala. Sina mengi ya kuongeza hapo, kila mkulima wa mboga anayajua.

Samadi ndiyo mlango ambao wengi wanausahau. Mbegu nyingi hupita tumboni mwa mnyama zikiwa hai, na rundo lisilopata nyuzi joto 55 hadi 60, likageuzwa ili pembeni nako kupate joto hilo, linazipeleka moja kwa moja kwenye matuta. Nikipata samadi nisiyoijua, najaza kopo, naloweka, naliweka penye mwanga kwa wiki mbili nione kinachoota. Kopo jingine naweka mbegu za maharage. Wengine hushangaa maharage ya nini. Kuna dawa za magugu za malisho, aminopyralid mojawapo, ambazo hupita kwenye nyasi, kwenye tumbo la ng'ombe, na kubaki kwenye samadi zikiwa na nguvu ya kukunja majani ya nyanya na jamii ya maharage. Majani ya maharage kwenye kopo yakijikunja, samadi hiyo haikanyagi bustanini kwangu.

Mashudu ya haradali, yaani yale makapi yanayobaki mbegu zikikamuliwa mafuta, nayo yana nguvu ya kuzuia kuota. Yakilowa hutoa ule ukali unaouma puani, na ukali huo unaathiri mbegu changa za magugu na za mboga vilevile, kwa hiyo yanatiwa wiki kadhaa kabla ya kupanda. Mimi nayatumia mara chache, nikiwa na tuta la kupumzisha.

Siki sitaiweka kundi hili ingawa inatajwa sana. Inaunguza jani la gugu lililokwisha ota. Mbegu zilizo ardhini hazina habari nayo. Na chumvi, tafadhali sana, usiipeleke kwenye udongo wa mboga kwa namna yoyote ile. Inazuia magugu kweli, na mboga pia, na inakaa.

Na ndago? Ndago haitoki kwa mbegu kwenye bustani nyingi. Inatoka kwa vile viazi vyake vidogo vyeusi vilivyofungamana chini, na kila kimoja kina macho kadhaa. Gluteni haiigusi, moto hauifikii, matandazo inayatoboa kwa ncha yake. Sangari nayo inatembea kwa mashina yake yaliyo chini ya ardhi. Hizo mbili zinataka kuchimbuliwa na kufuatiliwa kwa mkono kila zinapotoa jani, bila kuzipa nafasi ya kujiwekea akiba, na zianze kushughulikiwa kabla hujafikiria unga wowote.

Vitunguu, ambako natumia karibu yote

Kitunguu kina jani jembamba, lililosimama wima, halifuniki ardhi hata siku moja tangu kupandwa hadi kuvunwa. Kabichi ikikua inajipalilia kwa kivuli chake. Kitunguu hakiwezi, na mizizi yake ni mifupi, iko juu juu, inaumizwa na jembe la palizi. Kwa hiyo tuta lake nalipa ulinzi kuliko mengine yote.

Nalitayarisha mapema na kuyaotesha magugu mara mbili kama nilivyoeleza. Miche naileta kutoka kitaluni ikiwa na unene wa penseli, naipandikiza kwa kijiti bila kugeuza udongo. Ikishashika na kunyooka, nanyunyiza gluteni gramu 300, namwagilia mara moja, na kwa siku zinazofuata maji napitisha kwenye vifereji kati ya mistari, machache, asubuhi. Hii ni mboga inayoipokea naitrojeni ya gluteni kwa manufaa, kwa sababu ukubwa wa kitunguu unategemea majani kiliyojijengea kabla ya kuanza kuvimba. Magugu machache yanayopenya nayang'oa kwa vidole, nikishika shina la kitunguu kwa mkono mwingine lisitikisike. Yale ya jamii ya portulaka, yenye majani manene ya maji na shina jekundu linalotambaa, nayaweka kwenye ndoo na kuyatoa kabisa, kwani yakiachwa juu ya tuta huotesha mizizi upya na hata kukomaza mbegu yakiwa yameng'olewa.

Nguvu ya unga ikiisha, wiki tano au sita baadaye, naangalia shingo za vitunguu. Kama bado havijaanza kuvimba na ardhi imeanza kuonyesha nyuzi nyeupe, naweka nusu ya kipimo. Vikianza kuvimba siongezi tena hata kama magugu yananitazama, napalilia kwa mkono tu, maana naitrojeni ya wakati huo huchelewesha kukomaa na shingo hubaki nene, na kitunguu cha shingo nene hakikauki vizuri, kinaozea ghalani.